Siku moja peke yako Nara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza maswali haya wengi ni watu waliofika Japani kikazi, kimasomo au kwa mkutano, wakajikuta na siku moja tupu mkononi na hakuna wa kuongozana naye. Kwa kawaida wako Osaka au Kyoto, miji iliyo karibu na Nara. Maswali yamefuata mwendo wa siku yenyewe, yale ya jumla yamewekwa mwishoni.

Kwa nini Nara? Si kila mtu anasema Kyoto?

Kyoto ni nzuri, na ukiwa na siku tatu nenda. Ukiwa na moja, nusu yake utaimalizia ndani ya basi lililojaa, maana vivutio vyake vimetawanyika pande zote za mji. Nara mambo makubwa yamekaa kwenye mteremko mmoja wa mashariki, na yote unayafikia kwa miguu. Kisha Nara ni kongwe zaidi: ilikuwa mji mkuu kuanzia mwaka 710 hadi 784, wakati Kyoto ilishika nafasi hiyo mwaka 794. Wakati huo mji uliitwa Heijo-kyo, na mitaa yake ilipimwa kwa mistari iliyonyooka kwa kuiga Chang'an, mji mkuu wa China ya wakati ule.

Siku moja inatosha kweli?

Inatosha kwa upande wa mashariki: bustani ya kulungu, hekalu la Todai-ji lenye sanamu kubwa ya Buddha, jengo lake la kilimani la Nigatsu-do, hekalu la Kishinto la Kasuga Taisha na mtaa wa kale wa Naramachi. Haitoshi kwa kila kitu. Wanaojaribu kuona kila kitu ndio hao hao wanaorudi wakisema Nara ni sanamu kubwa na wanyama wenye njaa, kwa sababu walikimbizana na saa na kufikia adhuhuri wakawa wameshapanda treni. Ningekushauri ufanye kinyume: asubuhi uende haraka kidogo kuwahi kabla ya makundi, halafu mchana uachie miguu ijichagulie njia. Ukiwa peke yako hilo ni rahisi, hakuna wa kukuuliza mbona tumesimama hapa.

Nipande treni gani?

Kuna kampuni mbili za treni, Kintetsu na JR, na stesheni mbili tofauti za Nara. Hapa ndipo watu huchanganyikiwa.

Stesheni ya Kintetsu Nara iko karibu na bustani: ukipanda ngazi kutoka chini ya ardhi, dakika tano tu unawakuta kulungu. Kutoka Kyoto treni ya haraka ya kawaida inachukua kama dakika 45 na nauli ni yen 760. Ile ya viti vya kuwekewa nafasi inachukua kama dakika 35 na ina nyongeza ya yen 520. Kwa maoni yangu, dakika kumi hazina thamani hiyo, labda kama umechoka na unataka kiti cha uhakika. Kutoka Osaka panda pale Osaka-Namba, kama dakika 40.

Stesheni ya JR Nara iko mbali kidogo, kama dakika 20 za kutembea kwa kunyooka barabara ya Sanjo. Itumie kama una pasi ya JR, maana pasi hiyo haikubaliki kwenye treni za Kintetsu.

Jambo moja la kuangalia ukitokea Kyoto kwa Kintetsu: si kila treni inafika Nara. Baadhi hunyoosha kusini kuelekea Kashihara. Ukiwa umepanda hiyo, shuka Yamato-Saidaiji ubadilishe. Na ukishapita Saidaiji usiangalie simu. Reli inakatiza katikati ya uwanja wa ikulu ya kale: kushoto utaona ukumbi mkubwa wa Daigokuden uliojengwa upya na kukamilika mwaka 2010, kulia lango la Suzaku la mwaka 1998. Kote ni nyasi tupu na majengo mekundu machache. Hutalipia chochote na hutashuka.

Nifike saa ngapi?

Jitahidi uwe Todai-ji saa mbili asubuhi. Kuanzia Aprili hadi Oktoba ukumbi wa sanamu hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja na nusu jioni. Novemba hadi Machi ni saa mbili hadi saa kumi na moja. Mabasi ya watalii na wanafunzi wenye kofia za rangi moja huanza kumiminika kama saa nne, na baada ya hapo utakuwa unaona migongo ya watu kuliko sanamu. Kumbuka mbao za stesheni zinaandika saa za Kizungu za 24, kwa hiyo 17:30 ni ile saa kumi na moja na nusu yako.

Begi langu nitaliacha wapi?

Stesheni zote mbili zina makabati ya kufunga kwa sarafu au kwa kadi ya nauli. Makubwa ni machache na hujaa mapema, hasa Jumamosi na Jumapili. Begi la magurudumu usithubutu kuliburuta bustanini, njia nyingi ni za changarawe.

Kulungu wanauma?

Wanauma, lakini si kwa ubaya. Wanauma kwa tamaa.

Wako zaidi ya elfu moja, hawana mwenyewe, ni wanyama wa porini waliozoea watu, na tangu mwaka 1957 wanalindwa kisheria kama urithi wa taifa. Imani ya zamani inasema mungu Takemikazuchi alifika Kasuga akiwa amepanda kulungu mweupe, na hao wa leo wanahesabiwa wajumbe wa miungu. Kuna nyakati ambapo aliyemuua kulungu Nara naye aliuawa.

Biskuti zao zinaitwa shika senbei, zimetengenezwa kwa unga na pumba za mchele, hazina sukari, na fungu moja ni kama yen 200. Hapo ndipo vituko vinapoanzia. Ukishalipa, yule muuzaji hajakurudishia chenji, tayari watatu wamekuzunguka. Mmoja anainamisha kichwa, anainua, anainamisha tena, kwa adabu kama mjukuu anayesubiri senti za sikukuu. Ukimpa, anafuata wa pili. Ukimcheleweshea wakati unatafuta pembe nzuri ya picha, anakuchomoa shati kwa meno au anakusukuma kiunoni kwa kichwa. Dawa ni kutoa upesi, biskuti moja moja, na zikiisha onyesha viganja viwili vitupu. Wanaelewa, wanageuka na kukuacha kama hamjawahi kujuana.

Msimu wa vuli, majani yakibadilika rangi, madume huwa na hasira kwa sababu ya majike, na kuanzia Mei hadi Julai mama mwenye mtoto hataki mtu karibu. Wape nafasi. Usiwape mkate wala chipsi, na mfuko wa plastiki uufiche ndani ya begi: mwaka 2019 kulungu kadhaa waliokufa walikutwa na mafundo ya plastiki tumboni. Ramani ya karatasi nayo wataila, ukiichezea.

Angalia pia miti ya bustani. Majani yote yameishia urefu mmoja kutoka ardhini, kama yaliyokatwa kwa rula. Huo ni urefu wa shingo ya kulungu aliyejinyoosha. Na vichaka vilivyobaki chini, vingi ni vya asebi, mmea wenye sumu ambao wao hawaugusi.

Todai-ji ina nini zaidi ya ukubwa?

Ina misiba mingi, na ukiijua unaitazama tofauti.

Mfalme Shomu aliagiza sanamu hiyo mwaka 743, miaka michache baada ya ndui kuua watu wengi sana nchini. Alitaka Buddha mkubwa wa shaba atakayeilinda nchi nzima. Mtawa Gyoki alizunguka vijijini kukusanya michango. Mwaka 752 ilifanyika sherehe ya kufungua macho, yaani kuchorwa mboni za sanamu, na aliyeshika brashi alikuwa mtawa kutoka India, Bodhisena. Brashi hiyo ilifungiwa nyuzi ndefu ambazo waumini walizishika ili nao wawemo katika tendo hilo.

Baada ya hapo, mkosi juu ya mkosi. Mwaka 855 tetemeko liliangusha kichwa. Mwaka 1180 jeshi la ukoo wa Taira likachoma ukumbi. Ukajengwa, na mwaka 1567 ukaungua tena katika vita vya mabwana wa kivita. Safari hii sanamu ilikaa zaidi ya karne nzima bila jengo la maana, mvua na jua juu yake. Kichwa unachokiona ni cha karne ya 17, mwili umeshonwashonwa vipindi mbalimbali, na baadhi ya petali za kiti chake cha yungiyungi ni zile zile za karne ya 8. Ukizunguka upande, tofauti ya rangi ya shaba unaiona kwa macho.

Ukumbi wa sasa ulikamilika mwaka 1709. Una upana wa kama mita 57, nao ni mdogo kuliko ule wa kwanza, ambao ulikaribia mita 86. Fedha na magogo makubwa havikupatikana tena. Ndani, kuna mifano ya mbao inayoonyesha hekalu la awali likiwa na minara miwili mirefu pembeni. Watu huipita mbio. Simama hapo.

Sanamu yenyewe ina kimo cha karibu mita 15 na kiingilio ni yen 800. Picha zinaruhusiwa ndani, ila usije na miguu mitatu ya kamera. Nyuma kuna nguzo yenye tundu chini, linalosemwa kuwa na ukubwa wa tundu la pua ya Buddha, na anayepenya anapata baraka. Watoto hupita kama samaki. Mtu mzima mwenye mabega aache, maana ukikwama peke yako wa kukuvuta miguu ni mtu usiyemjua.

Kabla ya kuingia, usilivuke lango la Nandaimon kichwa kikiwa chini kwa ajili ya kulungu. Lilijengwa mwaka 1199, na ndani yake kushoto na kulia wamesimama walinzi wawili wa mbao, kila mmoja zaidi ya mita nane. Unkei, Kaikei na mafundi wao waliwachonga mwaka 1203 kwa siku 69. Wamewekwa nyuma ya wavu na kiza kidogo, kwa hiyo subiri macho yazoee, kisha tazama mishipa ya miguuni na vidole vya miguu vilivyobana. Mimi kati ya sanamu kubwa na walinzi hawa ningechagua walinzi bila kufikiri mara mbili. Na hawa ni bure.

Mimi ni Muislamu, au Mkristo wa msimamo. Nitalazimishwa kusujudu?

Hapana. Hakuna anayekuuliza dini wala anayekutazama kama umeinama. Unakata tiketi, unatazama, unatoka. Wajapani wengi wenyewe wapo pale kama watalii. Kinachotakiwa ni utulivu, na mahali panapotakiwa kuvua viatu, vua. Hijabu na kanzu hazina tatizo lolote. Wengine dhamira zao haziruhusu kuingia ukumbini, nao wanafaidi lango, bustani na mtaa wa kale bila kukosa siku yao.

Kuswali, tafuta pembe tulivu ya bustani, kibla kikiwa magharibi kwa kuegemea kaskazini kidogo. Ukipitia uwanja wa ndege wa Kansai, vyumba vya ibada vipo.

Baada ya sanamu kubwa niende wapi?

Panda juu, Nigatsu-do. Hapa ndipo ninapogombana na vitabu vya utalii, ambavyo hupataja kwa mstari mmoja.

Usifuate barabara kubwa. Zunguka nyuma ya ukumbi wa Buddha, upande wa kaskazini, utafute njia ya mawe inayopanda taratibu kati ya kuta za udongo. Kwenye kuta hizo wamepachika vigae vya zamani vya paa kwa safu safu, na mtaro mdogo unapita pembeni. Watu hupungua ghafla. Mwisho wa njia kuna ngazi zilizoezekwa, na juu kabisa baraza la mbao limening'inia kwenye kilima, taa za shaba zimetundikwa, na chini yako paa la Todai-ji lenye pembe mbili za dhahabu, kisha mji wote hadi milima ya magharibi. Hakuna kiingilio, na halifungwi usiku. Kama ratiba yako inaruhusu kurudi hapa wakati jua linatua, rudi.

Kila mwaka tangu 752, watawa 11 hufanya hapa ibada ya Shuni-e. Kuanzia tarehe 1 hadi 14 Machi, usiku, mienge mikubwa ya moto hukimbizwa juu ya baraza hilo hilo la mbao, na watu chini hugombea kunyeshewa cheche kwa sababu zinaaminiwa kuleta afya. Moto juu ya mbao, ndiyo. Mwaka 1667 jengo liliungua katikati ya ibada, likajengwa upya miaka miwili baadaye, na mienge ikaendelea.

Kasuga Taisha ni lazima?

Si lazima, ila njia ya kwendea ni nusu ya raha yenyewe. Kutoka Nigatsu-do shika njia ya chini ya kilima cha Wakakusa kuelekea kusini, kama dakika 20 hadi 25. Hekalu hili la Kishinto lilianzishwa mwaka 768 na lilikuwa la ukoo wa Fujiwara, uliotawala siasa za Japani kwa karne nyingi. Watu wa kila tabaka walitoa taa kama sadaka, na leo zipo kama 3,000: za mawe kama elfu mbili njiani, zimeota kuvu na nyingine zina kichwa cha kulungu kikichungulia nyuma yake, na za shaba kama elfu moja ndani. Zote huwashwa mapema Februari na tarehe 14 na 15 Agosti. Ndani kuna chumba kimetiwa giza na taa zikawashwa, ili wanaokuja siku nyingine nao waonje. Ua wa ndani una kiingilio, wa nje hauna.

Ukitoka, usirudi kwa njia kuu. Chukua kijia cha msituni upande wa kusini kinachoitwa Sasayaki no Komichi, kinapita chini ya vichaka vya asebi hadi mtaa wa Takabatake. Kutoka hapo Naramachi si mbali.

Nimeona picha za mnara wa ghorofa tano. Uko wapi?

Ni wa Kofuku-ji, karibu na stesheni ya Kintetsu. Una mita 50 na umesimama tangu mwaka 1426. Kwa sasa umefunikwa kwa ukarabati mkubwa wa miaka mingi, kwa hiyo usijipange kwa picha hiyo. Ila hapo hapo kuna jumba la hazina lenye sanamu ya Ashura ya mwaka 734: nyuso tatu, mikono sita myembamba, na uso wa mbele wa kijana aliyekunja nyusi kidogo kama anayejizuia kulia. Picha haziruhusiwi, na ni afadhali.

Nitakula nini, na halali je?

Chakula cha hapa ni kakinoha-zushi, donge la wali lenye kipande cha samaki, mara nyingi bangala au samoni, lililofungwa kwa jani la mpersimoni. Jani haliliwi. Mkoa huu uko mbali na bahari, samaki alikuja ametiwa chumvi kutoka pwani, na jani lilisaidia asiharibike. Linauzwa kwa vifurushi, unakula kwenye benchi, mradi kulungu wasikuone. Kuna pia tambi nyembamba za Miwa somen, na uji wa wali uliopikwa kwa chai, chagayu.

Kwa anayechunga halali: narazuke, achari maarufu ya Nara, huvundikwa kwenye machicha ya pombe ya mchele, iache. Mchuzi wa tambi nyingi huwa na mirin, nayo ina kileo. Hata wali wa sushi na mchuzi wa soya uliza. Migahawa iliyothibitishwa halali ni michache kuliko Osaka, kwa hiyo tafuta mapema kwenye simu, au beba matunda, mayai ya kuchemsha na wali wa duka la saa 24 ambao umesoma viungo vyake. "Butaniku, taberaremasen" maana yake siwezi kula nguruwe.

Kwenye barabara ya Sanjo kuna duka la Nakatanidou. Ukisikia watu wawili wanapiga kelele kwa zamu, kimbia: wanatwanga mochi, donge la wali wa kunata, kwa nyundo za mbao, mmoja anapiga na mwenzake anaingiza mkono kinuni kuugeuza unga kati ya pigo na pigo. Utapata donge la kijani la moto lenye maharage matamu ndani na unga wa soya juu. Ulile hapo hapo, likipoa linakuwa jingine.

Kukaa mgahawani peke yangu si aibu?

Huko si jambo hata kidogo. Sehemu nyingi zina viti vya kaunta vilivyowekwa kwa ajili ya mtu mmoja mmoja.

Naramachi kuna nini?

Mtaa wa wafanyabiashara wa zamani, uliokua juu ya eneo lililokuwa la hekalu la Gango-ji. Nyumba ni nyembamba mbele na ndefu sana kwenda nyuma, na mbele zina vipande vya mbao vilivyosimama ambavyo aliye ndani anaona nje na wewe huoni ndani. Nyumba moja, Koshi-no-Ie, iko wazi kwa wageni bila malipo. Ingia uone jikoni lenye paa refu la kutolea moshi, ngazi zilizo kabati wakati huo huo, na kiua kidogo cha katikati cha kuleta mwanga. Milangoni utaona vinyago vya nguo nyekundu vimening'inia kwa mstari. Ni tumbili wa kubeba balaa badala ya wenye nyumba, mmoja kwa kila mtu wa nyumba hiyo. Ukivihesabu unajua familia ina watu wangapi.

Gango-ji yenyewe ina sehemu ya paa lenye vigae vilivyohamishwa kutoka hekalu la Asuka, vya zaidi ya miaka 1,300. Vya kale vimepauka na rangi zake hazilingani, nenda nyuma ya jengo ndiko vinaonekana vizuri.

Maduka na migahawa hapa hufungwa mapema. Saa kumi na moja jioni mtaa unaanza kulala.

Kuna la kumvutia mtu wa pwani hasa?

Lipo. Nyuma ya Todai-ji kuna Shoso-in, ghala la mbao la karne ya 8 lililohifadhi vitu vya Mfalme Shomu, vikiwemo vyombo vya kioo vya Uajemi na kinanda cha nyuzi tano kilichopambwa kwa gamba la bahari linalong'aa na picha ya mtu juu ya ngamia. Katika hazina hiyo limo gogo la udi. Udi ule ule wa chetezo, kutoka misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, lina urefu wa mita moja na nusu na uzito wa kama kilo 11, na linaitwa Ranjatai. Kukata kipande chake lilikuwa jambo la wakuu wa nchi: bwana wa kivita Oda Nobunaga alikata mwaka 1574, Mfalme Meiji mwaka 1877. Ghala haliingiwi, linatazamwa kwa nje. Sehemu ya vitu vyake huonyeshwa kila mwaka kwenye Makumbusho ya Taifa ya Nara, mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba, na tiketi za wakati huo hugombaniwa.

Niongeze Horyu-ji siku hiyo hiyo?

Usiongeze. Ni majengo ya mbao ya kale kuliko yote yaliyosimama duniani, yanastahili asubuhi yake. Yako Ikaruga, kama dakika 12 kwa treni ya JR kutoka Nara, halafu kutembea. Ukipata siku ya pili anza huko.

Mimi ni mwanamke, nitakuwa salama?

Mchana, ndiyo, na hata jioni watu hutembea kwa amani. Njia za msituni ziache kabla ya giza, si kwa sababu ya watu bali kwa sababu hazina taa. Kwenye treni za asubuhi baadhi ya mabehewa ni ya wanawake tu, yamewekwa alama ya waridi. Polisi ni 110, gari la wagonjwa na zimamoto ni 119. Pasipoti itembee nayo, sheria inamtaka mgeni awe nayo muda wote.

Na mtu mweusi?

Utatazamwa, hasa na watoto na wazee, na kiti cha pembeni yako kwenye treni huenda kikabaki wazi. Si jambo la kupendeza, ila halina shari. Upande wa pili, kama umefika wakati wa ziara za shule, kundi la wanafunzi laweza kukufuata na daftari wakitaka kufanya zoezi la Kiingereza. Ukiwaambia unatoka wapi, swali la simba halikosekani.

Sijui Kijapani hata neno.

"Sumimasen" la kuomba radhi na kuita mtu, "arigato gozaimasu" la shukrani. Mengine programu ya tafsiri itamaliza. Ukitaka kupigwa picha: "shashin, onegaishimasu," huku ukinyoosha simu.

Nibebe pesa kiasi gani?

Yen 5,000 hadi 6,000 zinatosha kwa treni ya kwenda na kurudi, viingilio, chakula cha kawaida na biskuti za kulungu. Ziwe taslimu kwa sehemu, mahekalu na maduka madogo mengi bado ni ya noti na sarafu. Bahashishi haipo, ukiacha chenji mezani mhudumu atakukimbiza barabarani akurudishie.

Chaja yangu itaingia?

Ya pini tatu za mraba, ile ya nyumbani, haiingii. Japani ni pini mbili bapa na umeme wa volti 100. Nunua adapta kabla, na beba pavabanki, maana ramani na kamera vitamaliza simu kufikia alasiri.

Niende msimu gani?

Mwanzo wa Aprili kwa maua ya micheri, Novemba kwa majani mekundu, na nyakati zote mbili kuna watu wengi. Julai na Agosti joto ni la kunata na hupita nyuzi 35. Atakayesema nimezoea joto la Dar, ajaribu kwanza kile kilima. Januari na Februari baridi inauma ila njia ziko wazi, na anayeweza kuvaa koti zuri atafurahi.

Mvua ikinyesha siku yangu?

Nunua mwavuli wa plastiki duka la saa 24 na uendelee. Taa za Kasuga zikilowa hupendeza zaidi. Mvua ikizidi, jumba la hazina la Kofuku-ji na Makumbusho ya Taifa vinatosha kula muda wa saa tatu, ila makumbusho kwa kawaida hufungwa Jumatatu. Mtaa wa maduka wa Higashimuki, mlangoni mwa stesheni ya Kintetsu, una paa mwanzo hadi mwisho.

Nirudi saa ngapi?

Treni zipo hadi usiku, hilo lisikusumbue. Tatizo ni tumbo: Nara jioni migahawa ni michache, kwa hiyo wengi hutazama machweo Nigatsu-do, hushuka hadi stesheni kama nusu saa, na kwenda kula Osaka. Desemba jua linatua kabla ya saa kumi na moja jioni, Juni ni baada ya saa moja usiku, basi panga kulingana na hilo.